Kongamano la uandishi wa habari mtandaoni wamenikubali ndani ya siku moja. Nilipe?

Binti Nansio
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nasoma uzamili wa mawasiliano hapa Mwanza. Utafiti wangu ni jinsi habari za kuzama kwa kivuko cha MV Nyerere, 20 Septemba 2018, zilivyowafikia watu wa Ukerewe kupitia magrupu ya WhatsApp. Nilituma ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, kwenye kongamano moja la Dubai, kesho yake wakajibu nimepita, nilipe dola 400. Baba mdogo yuko tayari kuuza ng'ombe. Nilipe?

Mzee wa Mwaloni
Binti, ng'ombe wasitoke zizini. Kazi haisomwi usiku mmoja. Angalia ratiba yao: ukikuta habari, meno na ujenzi wa madaraja vimewekwa pamoja, hao wanatafuta ada tu.

Jirani wa Malimbe
Yapo ya kweli, dada. ISOJ, kongamano la uandishi wa habari mtandaoni la Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Marekani, lilianzishwa na Rosental Alves mwaka 1999. Wahariri na wasomi hukaa pamoja, na makala za kitaaluma hupitiwa na wataalamu kwanza. Mwaka 2020 korona iliwahamishia mtandaoni. Mijadala yao unaitazama ukiwa Nyegezi kwa bando lako. Soma pia miongozo ya maadili ya AoIR, chama cha watafiti wa intaneti.

Mkara
Mimi mtu wa Ukara, kisiwa ambacho kivuko kile kilikuwa kinakuja. Siku zile picha za miili zilizunguka kwenye simu za watu. Ya shangazi yangu niliiona kwenye grupu kabla hatujapigiwa simu na mtu yeyote. Nakuomba, usizioneshe ukumbini, uende Dubai au Austin. Na zile meseji, watu waliandika wakilia, wakimtafuta mtoto au mume. Hawakujua kama kuna siku mtu atazisoma mbele ya wageni. Umewauliza?

Binti Nansio
Pole sana kaka. Picha mbili zilikuwemo, nimezitoa sasa hivi. Ruhusa sikuomba, binamu yangu ndiye aliyeniingiza kwenye grupu, nikaanza kunakili. Hela situmi. Jumamosi napanda meli kwenda Nansio kuonana na admini, kisha mwenye meseji mmoja mmoja. Akikataa, naiondoa.

Mkara
Wengi wako huku kwetu. Toka Nansio nenda Bugolora, uvuke hadi Bwisya. Niandikie kabla hujapanda, mama atakupokea. Naye aliandika mle.