DAC nshapata, sasa niilishe na nini? Laptopu, simu, Raspberry Pi au deki

Mdau wa Raskazone

Wakuu habari za jioni, naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya sauti. Nipo Tanga mjini, nimepata DAC ya mezani (kile kifaa kinachogeuza namba za muziki wa kidijitali kuwa sauti ya kupeleka kwenye amplifaya), Topping E30, ina tundu la USB, optikali (waya wa mwanga) na koaksiali (waya wa shaba), nimeiunga kwenye amplifaya ya mzee na spika zake kubwa za mbao na hapo sina neno, sauti imefunguka mpaka mama mwenyewe kauliza kumebadilika nini. Shida yangu ni chanzo. Sasa hivi naunga laptopu kwa USB, inapiga vizuri ila chaja ikichomekwa kunakuwa na mngurumo kwenye spika, mchana hausikiki lakini usiku mtaa ukitulia unakera, halafu laptopu hiyohiyo ndo naifanyia kazi kwa hiyo kila saa chomoa chomeka.

Muziki wangu ni wa namna mbili, kuna CD za mzee, taarabu za hapa Tanga na dansi la zamani, kabati zima, halafu kuna hivi vya kustrimu. Nikisoma huku na kule naona wengine wanasema chanzo ndo kila kitu, wananunua mashine ya kusomea CD tu ya mamilioni, wengine wanasema Raspberry Pi (kile kikompyuta kidogo cha bodi moja) inatosha, wengine simu tu. Je kuna tofauti ya kusikika kweli au? Umeme nao ndo kama mnavyoujua, unakata bila hodi. Sina haraka ila sitaki kutupa hela.

Fundi Makorora

Mkuu tuanze na huo mngurumo maana ndo utakaokuonyesha njia. Chomoa chaja laptopu ibaki na betri, mngurumo ukikata ujue si DAC wala amplifaya iliyoharibika, ni umeme mdogo unaozunguka kati ya ethi ya chaja na ethi ya amplifaya kupitia waya wa USB, manake ndani ya USB kuna shaba inayoviunganisha vyombo vyote. Nakutana nayo sana kwenye nyumba za huku. Na tafadhali sana, akitokea mtu akakwambia ukate pini ya ethi kwenye plagi usimsikilize, mngurumo utaondoka kweli lakini siku kifaa kikivujisha umeme, atakayekishika ndo atakuwa ethi.

Ukitaka kulimaliza kabisa tumia optikali, ile inapitisha mwanga kwenye uzi wa plastiki, hamna shaba, umeme hauna pa kupita. Ila laptopu nyingi hazina hilo tundu, ndo maana nasema mngurumo unakuchagulia chanzo.

Kuhusu kusikia tofauti, mimi msimamo wangu ni huu. DAC inapokea namba tu. CD tangu Philips na Sony waitoe 1982 ni biti 16 (ukubwa wa kila namba), sampuli 44,100 kwa sekunde (sauti inapimwa mara hizo), basi. Chanzo kikizifikisha namba zilezile bila kuzigusa kazi yake imeisha, kiwe cha mamilioni kiwe cha bei chee. Kinachoharibu ni pale chanzo kinapozichezea njiani. Windows kwa kawaida inapitisha sauti zote kwenye mikisa yake (pale inapochanganya sauti za programu zote) na kuzibadilisha ziwe za kasi uliyoweka kwenye setingi, mpaka utumie programu kama foobar2000 ukaiambia ishike DAC peke yake. Simu nyingi za Android nazo zinageuza kila kitu kuwa 48,000. Na huna haja ya kubishana na mtu, hiyo E30 ina kioo, cheza CD ya kawaida halafu soma kioo, kikiandika 44.1, yaani hizo 44,100, uko salama, kikiandika 48 ujue kuna mkono umepita hapo katikati.

Kuna na suala la saa, yaani mdundo unaopanga kasi ya namba kutoka. Kwenye optikali na koaksiali DAC inafuata saa ya chanzo, kwenye USB ya DAC za siku hizi ni kinyume, DAC ndo inashika saa na kompyuta inaleta data kwa kasi inayoambiwa. Kwa karatasi USB inashinda. Lakini kwa sebuleni, mngurumo unausikia kwa masikio yako, hiyo tofauti ya saa kwenye DAC nzuri sidhani kama utaisikia, kwa hiyo nisingeiacha optikali kwa sababu hiyo.

Mwana Dunda

Nachangia kutoka Bagamoyo. Mimi ni mtu wa Raspberry Pi na nitaitetea. Chukua Pi 4 kwenda juu, usichukue za nyuma kwa kazi hii, kwenye Pi 3 matundu ya USB na waya wa mtandao vinagombea njia moja, kwenye Pi 4 vimetenganishwa. Inaongea na DAC kwa USB moja kwa moja bila kugusa namba, Linux haihitaji draiva yoyote. Chaja yake ya kawaida ile pini ya juu ni plastiki tupu, haina ethi, kwa hiyo ule mzunguko anaousema fundi mara nyingi unakatika wenyewe. Lakini iwe chaja ya kweli, volti 5 ampea 3 kwa Pi 4, ukiweka ya simu ya zamani itakuwa inajizima jizima halafu utalaumu programu.

Sasa hapo kwenye umeme ndo watu wengi wanaumia. Pi inakaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, umeme ukikata wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika na siku hiyo haiwaki tena. Watu wanaweka programu za muziki kama Volumio au moOde, zinapatikana bure na ni nzuri sana kuzitumia, ila kwa sisi wa umeme wa kukata mimi nashauri piCorePlayer. Yenyewe ikishawaka inahamia yote kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), kadi haiguswi hovyo, umeme ukate hata mara ngapi ukirudi nayo inarudi. Sura yake si ya kupendeza na siku ya kwanza utahangaika na setingi, lakini ukishamaliza unaisahau.

Kingine watu wanachanganya, wanadhani ukitumia simu kama rimoti ya Pi unakula bando. Hapana. Simu na Pi zinaongea kwa WiFi ya ndani tu, nyimbo zipo kwenye hadi diski pale pale, hata kama huna bando hata kidogo inapiga. Hizo CD za mzee ingiza zote kwenye FLAC kwa kutumia Exact Audio Copy, FLAC inabana ukubwa wa faili tu, kwenye sauti haipotezi kitu. CD zenyewe weka mahali pakavu, hii hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na vifaa vyetu.

Mama Chumbageni

Jamani na mimi niseme. Mwanangu, kabla hujanunua chochote, nyumbani hamna deki ya DVD ya zamani? Geuza nyuma uangalie, nyingi zina tundu la koaksiali, mara nyingi limepakwa rangi ya chungwa au nyeusi. Hiyo tayari ni mashine ya kusomea CD. Ingia kwenye menyu ya sauti, pale palipoandikwa dijitali chagua PCM (namba za sauti zenyewe bila kubanwa), usiache kwenye Dolby (sauti iliyobanwa kwa ajili ya sinema), hiyo DAC yako haiielewi, utapata kimya au kelele za kukwaruza. Watu wanatoka kuunga TV kwa optikali wanapata hivyohivyo wanadhani DAC mbovu, kumbe ni hiyo setingi tu.

Na waya usidanganywe ukanunue wa bei kubwa. Koaksiali inataka waya wa ohmu 75, na ule waya wa njano wa picha uliokuja na deki umetengenezwa kwa kipimo hichohicho. Chukua huohuo wa njano.

Mimi hizi taarabu zetu nyingi nasikiliza hivyo na nakwambia kwa moyo mmoja, usihangaike kutafuta za biti 24 (zenye namba kubwa kuliko za CD). Zile zilirekodiwa kwenye tepu miaka ya nyuma, nyingi redioni, kilichomo kwenye CD ndo kilichopo. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba sasa nasikia udi unapojibizana na fidla, zamani ilikuwa imechanganyikana yote.

Kustrimu angalia bando lako. Kiwango cha CD bila kubanwa ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, hiyo ni kama MB 635 kwa saa nzima. FLAC inapunguza mpaka karibu nusu ya hapo au zaidi kidogo. Ile iliyobanwa ya kilobiti 320 kwa sekunde inakula kama MB 144 kwa saa. Kama unalipia bando kwa siku, uamuzi wa chanzo ni uamuzi wa bando pia.

Mdau wa Raskazone

Shikamoo mama, na nyote nashukuru sana. Nimechomoa chaja na mngurumo umekata palepale kama fundi alivyosema. Deki ipo juu ya kabati, nimeona tundu la rangi ya chungwa, nimeunga kwa waya wa njano, nimeweka PCM na kioo cha DAC kinaandika 44.1. Nimesikiliza mpaka sasa hivi na mngurumo sijausikia. Kwa hiyo CD nitasikilizia deki huku nikiziingiza taratibu kwenye diski, Pi nitaichukua mwisho wa mwezi niweke hiyo piCorePlayer. Swali mbili za mwisho, ile sauti ya kwenye laptopu na kwenye simu niiweke wapi? Na nikitaka kutoa optikali kwenye TV mpaka kwenye DAC ni kama mita 5, itafika?

Fundi Makorora

Marahaba kwa niaba ya mama, haha. Sauti ya chanzo weka mwisho kabisa, asilimia 100, upunguze na kuongeza kwenye amplifaya, ukipunguza kwenye chanzo kilichobaki kwenye biti 16 unakata namba. Mita 5 ya optikali inafika, ila usiukunje kona kali wala usiubane na mlango, ule ni uzi wa mwanga, ukivunjika ndani hauonekani kwa nje. Ukiwa hujauchomeka acha vile vifuniko vidogo kwenye ncha visivuliwe, vumbi likiingia mwanga unafifia. Na TV nayo iweke PCM, itakuwa 48 kwenye kioo, hiyo ni kawaida ya TV usishtuke.

Mwana Dunda

Ukiipata Pi niandikie hapahapa, nitakupa setingi za kushika DAC moja kwa moja. Cha kwanza zima udhibiti wa sauti ndani ya piCorePlayer ndo uanze kusikiliza.