Mashine ya zamani ya kukausha nguo: ni ya mwaka gani, na naweza kuiwasha?

Vyombo_vya_Kale, Malindi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi hukusanya vyombo vya umeme vya zamani vya nyumbani: redio, pasi, feni. Juzi nilimkuta mnunuzi wa vyuma chakavu kule Casuarina amepakia mashine ya kukausha nguo kwenye mkokoteni, nikainunua papo hapo. Ni nyeupe, nzito, pipa la ndani ni la enameli na kutu iko ukingoni tu. Usoni imeandikwa Kenmore. Kwenye fremu ya mlango kuna kibati: namba inaanza na 110 na nukta, chini yake volti 115/230, "60 cycles". Plagi ni kubwa, ina meno matatu. Nani aliitengeneza, na lini? Jirani yangu anasema umeme wetu ni 240, tukate plagi tuunge waya tuiwashe. Mwasemaje?

Fundi_Mota
Kaka, usiiwashe! Mashine hiyo ya Marekani hutumia waya mbili za moto (zinazoleta umeme) na nyutro (waya wa kurudishia umeme). Koili ya joto hula 240, lakini mota hula 120. Sisi tuna waya mmoja wa moto wa 240. Mkiunga kwa kubahatisha, mota itaungua. Na transfoma hupunguza volti tu, haigusi hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde, ndiyo hiyo "cycles"): mota ya 60 kwenye umeme wetu wa 50 huzunguka polepole na kupata joto kupita kiasi. Jambo jingine: plagi ya meno matatu ya aina hiyo haina ethi (waya wa usalama wa kupeleka umeme ardhini), bodi yenyewe huungwa na nyutro. Nyutro ikikatika, anayegusa mlango anapigwa na umeme.

Bint_Lamu
Hongera kwa kuiokoa, kaka. Kenmore lilikuwa jina la maduka ya Sears, ambayo yaliagiza mashine kwa viwanda vya wengine. Hiyo 110 ndiyo ufunguo: ni kiwanda cha Whirlpool. Mwaka haupungui 1938, kwani ndipo kampuni ya Hamilton ya Wisconsin ilipoanza kuuza mashine ya namna hii, kutokana na ubunifu wa J. Ross Moore wa North Dakota. Neno "cycles" nalo laonyesha ni ya zamani, maana jina hezi lilikubaliwa kimataifa mwaka 1960 na Wamarekani hawakulishika mara moja. Ingekuwa ya kijani cha parachichi ningekwambia miaka ya 1970 bila kusita. Nyeupe haisemi kitu. Fungua bati la nyuma utafute mchoro wa waya, na tarehe iliyogongwa kwenye mota.

Vyombo_vya_Kale, Malindi
Shukrani dada. Nimefungua. Mchoro upo, umebandikwa kwa gundi, pembe moja imeliwa na mende. Chini kumejaa nyuzi za nguo zilizoshikana, na kuna kitambaa kizito cha kijivu karibu na koili. Nipulize kwa kompresa?

Fundi_Mota
La! Kitambaa hicho chaweza kuwa na asbestosi, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usikipulize, usikikwaruze, kiache kilivyo na ufunge bati.

Bint_Lamu
Piga picha mchoro kwanza, kabla mende hawajaumaliza. Kwa kutu: kitambaa chenye maji matamu, kausha vizuri, kisha nta ya gari. Rangi usiiguse kabisa, ndiyo thamani yake. Na iweke mbali na dirisha la upande wa bahari, hasa msimu wa kusi.