Huu unga wa MOF hauwezi kuingia kwenye mtungi wa CNG tukajaza hidrojeni?

BabaZawadi_Mbagala

Habari zenu wakuu. Naendesha IST ya mtandao hapa Dar, nimefunga mfumo wa CNG, gesi asilia iliyoshindiliwa. Mtungi wangu ni wa lita 60, umekula buti lote, abiria akija na mabegi ya kwenda stendi ya Mbezi moja lazima alipakate. Gesi imeniokoa, sikatai, ila foleni ya kujaza inanilia muda wa kazi.

Sasa kijana wangu yuko kidato cha tano, PCM. Tangu Nobel ya kemia itangazwe Oktoba 2025 nyumbani hatulali. Anasema kuna unga unaitwa MOF, umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, gramu moja tu ukizitandaza kuta zake zote unazidi uwanja wa mpira. Ukiutia kwenye mtungi, eti unabeba hidrojeni nyingi kuliko mtungi mtupu. Anataka nikaongee na fundi wangu!

Naomba kuuliza. Mtungi ukishajaa unga, hiyo gesi inakaa wapi? Mimi naona nafasi inapungua. Na kama ni kweli, mbona hatuoni barabarani? Jibuni kwa lugha ya kawaida, dogo naye anasoma hapa.

FundiMitungi

Kaka, la unga nawaachia wasomi. La mtungi nalijibu mimi: huo wa chuma ulionao usiutie hidrojeni, iwe na unga au bila unga. Hidrojeni inapenya ndani ya chuma chenyewe, chuma kinakosa uvumilivu, kinapasuka bila dalili. Inavuja pale ambapo gesi asilia haivuji, na moto wake mchana huuoni. Magari yaliyoundwa kwa hidrojeni, kama Toyota Mirai, mitungi yake ndani ni plastiki, nje imezungushiwa nyuzi za kaboni, inahimili presha ya baa 700. Yako ni ya baa 200. Usijaribu.

Mtanga_Maabara

Shikamoo Baba Zawadi, salamu kwa dogo. FundiMitungi kasema kweli, naongezea hapo hapo.

Mimi ni mtu wa Tanga, kwa sasa niko Ujerumani, na kazi yangu ndiyo hii: naletewa unga kwenye vichupa, napima unameza gesi kiasi gani. Kwa hiyo vumilia, nitakuwa mrefu.

Nianze na mtungi wako jinsi ulivyo. Lita 60 kwa baa 200 unabeba gesi asilia kama kilo 10, sawa na petroli lita 15 hivi. Toa gesi asilia, weka hidrojeni, presha ile ile: haifiki kilo moja. Ni kweli kilo ya hidrojeni ina nguvu kuliko kilo ya gesi asilia zaidi ya mara mbili, lakini kilo yenyewe hata haijatimia, unapata sawa na petroli lita tatu na ushee. Kutoka Mbagala ukaenda Bunju, ukiongeza foleni ya Mwenge, kurudi hufiki. Ndiyo sababu wenzetu wanasukuma mpaka baa 700, na hata hapo lita moja ya mtungi inabeba gramu 40 tu. Njia nyingine ni kuigeuza kimiminika kwa nyuzi 253 chini ya sifuri. Lita inabeba gramu 71, ila kuipoza kunakula karibu theluthi ya nishati ya hidrojeni yenyewe.

Hapo ndipo unga unapoingia. Ulichouliza kuhusu nafasi ni kweli kwa unga wa mahindi, si kwa huu. Chukua banda la kuku. Kuku wakiwa macho, wanarukaruka, banda dogo halitoshi. Tia fito za kulalia, baridi ya usiku ikiingia kila mmoja anapanda fito anatulia, na banda lile lile linameza kuku wengi zaidi, ingawa fito nazo zimechukua nafasi. Molekuli za hidrojeni zikikutana na ukuta wa kitundu zinanata juu yake, zinabanana karibu kama kimiminika. Ukuta ukiwa mwingi, zinazonata ni nyingi. Na kuta za MOF ni unene wa atomu chache tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kila punje (tunaiita fuwele) ni uwazi.

Dogo atafurahi kujua zinaundwa na nini. MOF-5, ambayo Omar Yaghi na wenzake waliitangaza 1999, ni zinki na asidi ya tereftaliki, asidi ile ile inayoundia plastiki ya chupa za maji. Zinki inakaa kwenye kona, asidi ndiyo boriti kati ya kona na kona. Unavichanganya kwenye kiyeyushi, unapasha moto kiasi cha nyuzi 100, fuwele zinajitengeneza zenyewe, vijiwe vyeupe vya pande sita kama chumvi ya mawe iliyosagwa. Mwaka 2003 ndipo walipoonyesha inanasa hidrojeni. Yaghi alizaliwa Amman, wazazi wake wakimbizi wa Kipalestina. Nobel ameigawana na Susumu Kitagawa wa Kyoto na Richard Robson wa Melbourne, na kwa maoni yangu Robson ndiye aliyechelewa kutajwa kuliko wote, maana wazo la kuunganisha kona na boriti alilichapisha tangu 1989.

Sasa kwa nini hatuoni barabarani? Watu wengi watakwambia ni bei. Mimi nasema tatizo la kwanza ni mshiko. Hidrojeni inanata kwenye kuta hizi kwa nguvu ndogo mno, kilojuli 4 mpaka 7 kwa moli. Kwa joto la kawaida kuku wote wako macho. Ili ikae vizuri kwenye joto la buti lako inatakiwa kama 15 au zaidi kidogo. Ikizidi sana nako ni balaa, inaingia haitoki.

Kwa hiyo zile namba kubwa anazosoma dogo, atazame pembeni zimepimwa kwenye joto gani. Mwaka 2020 kundi la Omar Farha wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, lilitoa MOF ya alumini inayoitwa NU-1501. Gramu moja ina mita za mraba 7,310, hapo kwenye uwanja wa mpira dogo yuko sahihi kabisa. Kwa kila lita inatoa gramu 46. Lakini unaijaza kwa baa 100 ikiwa nyuzi 196 chini ya sifuri, halafu unaipasha mpaka 113 chini ya sifuri ndipo itoe. Hiyo baridi ya kwanza ni ya nitrojeni ya maji, yaani gesi ya nitrojeni iliyopozwa ikawa kimiminika, ile ile ya kwenye mitungi ya wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, wanayobebea mbegu kutoka Usa River. Wao wanabeba mtungi mdogo, na wanaongeza nitrojeni kila inapopungua. Wewe ungebeba buti zima la hivyo kwenye jua la Kariakoo. Tena hesabu ya gramu 46 inachukulia lita nzima ni fuwele moja isiyo na mwanya. Unga ukimiminwa kwenye mtungi una hewa kati ya punje na punje, namba inashuka sana.

Na kwa joto la kawaida? Mojawapo ya zile bora ni ya nikeli, ya kundi la Jeffrey Long pale Berkeley, 2018. Nyuzi 25, kutoka baa 100 kushuka mpaka 5, inatoa gramu 11 kwa lita. Mtungi mtupu kwa presha hizo unatoa gramu 7 na kidogo. Yaani umebeba mtungi mzima wa nikeli kwa faida isiyofika gramu 4 kwa lita.

Halafu kuna joto la kujazia, ambalo halitajwi kwenye video. Gesi ikinata inatoa joto. Tuseme umepata unga wenye mshiko ule wa 15, na gari linajaza kilo 5 kwa dakika tano. Joto linalotoka ni kilowati 125 kwa dakika zote tano, sawa na birika za umeme zaidi ya sitini zikichemka ndani ya mtungi wako. Usipolitoa, unga unapata moto na hidrojeni inatoka kama ilivyoingia.

Mwisho, dogo akisoma popote mtu ametangaza asilimia za ajabu, awe mgumu kidogo. Sisi tunapima hivi: unga unakaushwa kwenye vakiumu usiku kucha, kama nyuzi 150, mpaka maji na kiyeyushi vitoke vitunduni. MOF-5 hata kuihamisha unaihamishia kwenye boksi la gesi kavu, kwa unyevu wa Dar mwezi wa Aprili ingekufa mezani. Kisha mrija unazamishwa kwenye nitrojeni, inatokota, ukungu unamwagika mpaka sakafuni. Ikitulia naachia hidrojeni kidogo kidogo nasoma presha. Presha ikishuka kuliko inavyostahili kwa nafasi ile, iliyopungua tunahesabu imenata. Umeona mtego? Nati ikilegea, gesi ikavuja, na yenyewe kwenye karatasi inaonekana imenata! Unga ukiwa mchache na kiasi cha nitrojeni kikishuka kwenye chombo, namba zinakudanganya vizuri kabisa. Mwaka 1998 watu wa Chuo Kikuu cha Northeastern walitangaza nyuzi za grafiti zinazobeba hidrojeni asilimia 67 ya uzito. Dunia nzima ikazipima, hakuna aliyeipata tena. Ndiyo maana unga ukinipa namba nzuri mno, naanza kwa kukaza nati.

MwaloGeita

Dada umetufungua macho. Huku kwetu kwenye matangi ya sianidi tunanasia dhahabu kwa kaboni, zile punje nyeusi, tunaambiwa zinatokana na vifuu vya nazi. Nazo si zina vitundu? Haziwezi kunasa hidrojeni? Tunazo magunia, zikisagika hazina kazi tena.

Mtanga_Maabara

Zinanasa, ni ukoo huo huo. Vifuu vinapendwa kwa sababu kaboni yake ni ngumu, haipondeki ikikorogwa, na vitundu vyake ni vidogo, ambavyo ndivyo hidrojeni inavipenda pia. Kuna kanuni ya kukadiria, inaitwa kanuni ya Chahine: kwenye baridi ya nitrojeni ya maji, kila mita za mraba 500 kwa gramu zinabeba hidrojeni asilimia moja ya uzito. Kaboni ya kawaida ya vifuu ina mita 1,000 hivi, basi asilimia 2. Ikichomwa pamoja na potasi kali inafika hata 3,000. Kwa joto la Geita haifiki asilimia moja.

Ila ile iliyosagika msiiguse kwa majaribio. Ina mabaki ya sianidi, na pengine zebaki kama mchanga ulipitia kwenye karasha za zebaki kwanza. Ukiipasha moto unavuta mvuke wake.

BabaZawadi_Mbagala

Marahaba mwanangu, nimekuelewa, na dogo amenyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Lakini anauliza tena: kwa hiyo unga huu ni wa nani? Maana watu hawapewi Nobel kwa kitu kisicho na kazi.

Mtanga_Maabara

Kazi unayo nyingi: kunasa kabonidioksidi, kuvuna maji kwenye hewa ya jangwani. Kwa hidrojeni, tumaini langu mimi liko kwenye mitambo isiyotembea. Watu wa maabara ya Lawrence Berkeley walichapisha hesabu 2022 za kutumia MOF kwa umeme wa dharura, badala ya jenereta. Huko uzito haukusumbui, na kujaza unaweza kujaza taratibu, joto likatoka lenyewe.

Kwa gari lako ningemwambia dogo aiache hidrojeni kwanza, atazame methani, hiyo hiyo CNG. Methani inanata kwa nguvu zaidi, hata kwenye joto la kawaida. Mtungi wenye kaboni nzuri, kwa baa 35 tu, unaweza kubeba karibu nusu ya unachobeba wewe kwa 200. Baa 35 haihitaji kompresa kubwa wala mtungi wa duara, unaweza kuwa bapa ukalala chini ya kiti, buti likarudi kwa abiria. Kampuni ya BASF ilishajaribu MOF kwenye magari ya gesi asilia. Kinachoziba vitundu ni uchafu mzito kwenye gesi pamoja na dawa ya harufu, lakini gesi ya Songosongo ni methani karibu tupu, hapo tuna nafuu kuliko wengi.

FundiMitungi

Kwa baa 35 hapo tunaongea. Swali moja: mtungi ukifika muda wa ukaguzi, tunaujaza maji tunapandisha presha. Wenye unga ndani utaupimaje?

Mtanga_Maabara

Huupimi hivyo ukiwa na unga ndani. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii wanaikandamiza kaboni kuwa vidonge au matofali yanayoingia na kutoka, unayatoa, unaupima mtungi, unayarudisha. Yakilowa bahati mbaya, yanakaushwa kwa joto na vakiumu yanafanya kazi tena. Hiyo ni kaboni. MOF-5 ikilowa, imekwenda.