Tupeane uzoefu: Ulitunzaje uchangamfu katika mbio za mtandaoni wakati wa korona?

Mleta mada (London)

Ndugu wanachama, salaam. Naomba tusimuliane habari za mbio za mtandaoni za mwaka 2020, wakati mikusanyiko ilipozuiwa na kila mkimbiaji akalazimika kukimbia peke yake mtaani kwake, simu ikimhesabia kilomita. Muda uliotumia si hoja hapa. Ninachotaka kujua ni jinsi ulivyobaki na furaha pasipo umati wa kukushangilia, kwa maana naamini wengi wetu tuliokolewa na watu ambao wenyewe hawakukimbia hata hatua moja.

Naanza mimi. Tarehe 4 Oktoba 2020, wanariadha wachache wa kulipwa walikimbia London Marathon kwa kuizunguka bustani ya St James's Park bila watazamaji, na Brigid Kosgei wa Kenya akashinda upande wa wanawake kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 58. Sisi wengine tulipewa saa 24 za siku hiyo kukamilisha kilomita 42.2 popote tulipo. Nilikuwa nimejipangia mzunguko wa kilomita 3 mtaani, ambao ilinibidi niupite mara 14 na kipande kidogo cha kumalizia. Mvua ilinyesha, na kufikia mzunguko wa tano nilikuwa nimekata tamaa kabisa.

Katika mzunguko wa sita, mzee mmoja jirani yangu, ambaye kwa miaka mitatu tulikuwa tukisalimiana tu na kupita, aliiona namba niliyoibana kifuani kwa pini, akafungua dirisha na kuniuliza ni mbio gani hizo zenye mkimbiaji mmoja. Nilimweleza bila kusimama. Niliporudi nilimkuta mlangoni chini ya mwavuli, ameshika kifuniko cha sufuria na mwiko, akikigonga kwa nguvu zake zote. Aliingia ndani na kutoka kila nilipokaribia, mizunguko minane mfululizo, na mimi sikuwa tena nikihesabu kilomita, bali nilikuwa nikikimbilia kuisikia sauti ya kile kifuniko. Namba ilikuwa imelowa na kuchanika kwenye pini mbili za chini nilipomaliza.

Mchangiaji wa Nairobi

Ndugu mleta mada, asante kwa kutukumbusha. Huku kwetu kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kikundi chetu cha watu sita, kilichozoea kukimbia kabla ya mapambazuko, kilivunjika ghafla. Tuliamua kuandaa kilomita 10 za kwetu wenyewe: kila mtu kwenye mtaa wake, tunaanza Jumamosi saa kumi na mbili kamili asubuhi, kisha tunatumiana matokeo kwenye kundi la WhatsApp.

Jumamosi ya kwanza simu yangu ilizima kwenye kilomita ya nane. Niliumia sana, kwa sababu sikuwa na ushahidi wowote. Wenzangu waliniambia watanikubalia matokeo iwapo nitaisimulia njia yote niliyopita, nami nikawatumia ujumbe wa sauti nikitaja kinyozi aliyekuwa akifungua duka, mama wa mandazi aliyenipungia mkono na mbwa aliyenifuata hadi kwenye kona ya kanisa. Wiki iliyofuata wote watano walituma masimulizi, na hakuna aliyekumbuka kutaja dakika. Nimezihifadhi sauti zile mpaka leo.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Mimi sikukimbia, lakini nadhani ninastahili kuchangia. Boston Marathon ya 2020 ilifutwa kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe mwaka 1897, na waliojiandikisha wakaruhusiwa kukimbia peke yao kati ya tarehe 7 na 14 Septemba, kwa sharti la kumaliza ndani ya saa sita. Dada yangu anaishi Massachusetts. Alipoanza saa kumi na mbili asubuhi, hapa ilikuwa saa saba mchana, na familia ilikuwa imeshagawana kilomita za kumsindikiza kwa simu.

Mama alichagua zile za 33 hadi 37, kwa kuwa aliambiwa ndizo ngumu kuliko zote. Hakumhimiza hata mara moja. Alimweleza habari za mahindi: ni debe ngapi zimevunwa, nani amesaidia kuyapukuchua na gunia lipi limeingiwa na panya, huku dada akihema na kuitikia, "Ehe, mama, halafu?" Huko mwisho shemeji alikuwa amefunga khanga getini kwa upana, ndiyo ukawa utepe wa kumalizia.

Mleta mada (London)

Ndugu yangu, unastahili kabisa, na mama anastahili zaidi. Mpelekee salamu zangu.