Kitulo mpaka Matema kwa miguu na vijana 18, siku tano, tujipangeje?

MwlUyole
Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mwalimu hapa Uyole, Mbeya, na pia nalea kikundi cha vijana kanisani kwetu. Likizo ya Juni tunataka kuwapeleka vijana 18 milimani, wana miaka 14 mpaka 17, wasichana nane wavulana kumi, na watu wazima tuko wanne, yaani jumla watu 22. Tulishapanda nao Loleza mara mbili na mwaka jana tukaenda Ngosi tukarudi siku hiyohiyo, tangu hapo hawanipi nafasi, kila Jumapili wananiuliza lini tunaenda kulala huko juu. Na mimi natamani sana waende, maana milima hii wanaiona kila asubuhi toka wamezaliwa lakini hawajawahi kulala hata usiku mmoja ndani yake.

Nilivyopanga mimi ni hivi, siku ya kwanza gari mpaka Chimala halafu tupande zile kona 57 za barabara ya mlimani, Hamsini na Saba, kwa miguu mpaka Matamba, siku ya pili na ya tatu tutembee uwanda wa hifadhi ya Kitulo, siku ya nne tushuke kuelekea Ziwa Nyasa, ya tano tuwe Matema ufukweni. Hema tumeahidiwa za kuazima. Kinachonisumbua ni mizigo na chakula, sijui watoto wabebe kiasi gani. Na kuna binti mmoja ana selimundu (sickle cell), yeye ndiye aliyeanzisha hili wazo la Kitulo kwa sababu alisikia habari za maua, sasa sijui nimwambieje. Mwenye uzoefu naomba anisaidie kwa moyo mmoja.

Mkinga_wa_Makete
Mwalimu marahaba na karibu kwetu. Wazo zuri na nakuunga mkono, ila hiyo siku ya kwanza ifute kabisa. Hamsini na Saba na begi mgongoni na jua la Chimala utawamaliza kabla safari haijaanza. Chukueni gari mpaka Matamba, ofisi za hifadhi ziko hapohapo, mlale hapo, miili izoee. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 na kitu, mtoto anaweza kuamka na kichwa kinauma bila malaria yoyote. Akipumzika na kunywa maji mengi kikatulia sawa, kikizidi au akianza kutapika anateremshwa, hamna mjadala.

Kabla ya yote andikeni barua TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, mapema, mtaje idadi, umri, na njia mnayotaka, muombe askari wa hifadhi wa kutembea na nyie. Wao ndio wanajua mwezi huo njia ipi ya kushuka inapitika. Msishuke milima ya Livingstone kwa kuonyeshwa kidole tu na mtu wa njiani, ule msitu ukungu ukiingia huoni aliye hatua kumi mbele yako.

Sasa ratiba. Mtu mzima mwenye miguu anatoka Kitulo anafika Matema siku mbili. Usipige hesabu hiyo. Kundi la watu 22 halitembei kama mtu mmoja, mmoja akivua kiatu atoe kijiwe wote wamesimama, akimaliza mwingine anataka kujisaidia, ukija kushtuka nusu saa imekwenda na hamjasogea. Mimi nikiwa na vijana napanga masaa matano ya kutembea kwa siku basi, na saa tisa mchana hema ziwe zimeshasimama, maana jioni kule baridi inaingia kama mtu amefungua mlango. Anayetembea taratibu kuliko wote mweke wa pili kutoka mbele, nyuma ya kiongozi, usimwache mkiani. Akiwa mkiani kila akiwafikia wenzake ndio wanainuka kuondoka, yeye hapumziki hata mara moja, siku ya pili analia. Na mkiani awepo mtu mzima asiyepitwa na mtoto yeyote.

Kingine kushuka. Watu wanaogopa kupanda ila ule mteremko ndio unaua magoti, Ziwa Nyasa haliko hata mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mnashuka zaidi ya mita 2,000. Ugawe siku mbili, ya kwanza muanze saa kumi na mbili asubuhi. Wakate kucha za vidole vya miguu kabla ya safari na kamba za viatu zikazwe vizuri kwenye kifundo, la sivyo vidole vinagonga mbele mpaka kucha zinageuka nyeusi. Viatu vipya marufuku, avivae mwezi mzima hapo Uyole kwanza.

Lulu_mbeya
Mi ningesema msubiri Desemba, Juni maua hamna wataenda kuona nyasi tu. Kitulo ni Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua jamani.

Mkinga_wa_Makete
Dada Lulu kweli maua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, ila ndio mvua na radi, na ule uwanda hauna mti wa kujificha, mtu mwenyewe ndio anakuwa kitu kirefu kuliko vyote. Kwa siku moja na gari sawa. Kwa kulala kwenye hema siku tatu na watoto wa watu, hapana.

nesi_mstaafu_Tukuyu
Mwanangu mwalimu, nimesoma nikaona nisinyamaze. Juni baridi ya Kitulo si ya sweta moja, usiku unaweza kukuta umande umeganda kwenye nyasi. Miaka ya nyuma niliongozana na vijana wa kikundi kimoja huku milimani, mchana ikanyesha manyunyu tu, wala si mvua ya kutisha, kijana mmoja alikuwa amevaa suruali ya jinsi (jeans). Ikalowa. Alitetemeka kama saa nzima tukawa tunamwambia tembea utapata joto, baadaye akaacha kutetemeka na sisi tukashukuru tukajua amepata nafuu. Nikamwambia afunge kifungo cha koti. Vidole vikawa vinakipapasa kile kifungo havikishiki, na nilipomuuliza akanijibu maneno mazito kama mtu aliyelewa. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwili ulikuwa umeshindwa hata kutetemeka. Tulisimamisha hema palepale, tukamvua nguo zote mbichi, tukamvika kavu mpaka kofia na soksi, tukamlaza katikati ya wenzake wawili na mablanketi, alipoweza kumeza vizuri tukampa uji wa moto wenye sukari kidogo kidogo. Hatukumsugua, hatukumweka karibu na moto. Alirudi, Mungu mkubwa. Kwa hiyo suruali za jinsi zisipande gari kabisa, na kila mtoto awe na nguo kavu za kulalia ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, zisivaliwe mchana hata akilia.

Kuhusu binti wa selimundu. Baridi, kuchoka, kupungukiwa maji na hewa nyepesi ya juu, vyote vinne vinaweza kuamsha maumivu, na mkiwa katikati ya msitu hospitali ni mbali mno. Kupanda asipande. Ila usimwache nyumbani. Aje Matema na gari pamoja na mzazi, awapokee, lakini kwanza daktari wake wa kliniki aseme. Na Matema ni joto na malaria ipo, kwake malaria ni hatari kuliko kwa wengine, chandarua kisikosekane. Hata hao wengine mkifika chini mlale kwenye neti, na msiwaachie kuingia ziwani bila kuuliza wenyeji wapi ni salama, kichocho na mamba vipo.

Fomu ya mzazi iandikwe pumu, kifafa, mzio, dawa anayotumia. Na mmoja wenu awe mwanamke, pedi za akiba zikae kwenye begi lake na wasichana wote wajue ziko wapi bila kuomba mbele za watu.

mpishi_wa_kambi
Nimepikia kambi za vijana miaka mingi niongelee chakula. Nusu kilo ya unga kwa kichwa kwa siku, watu 22 ni kilo 11, siku tano kilo 55, hapo hujagusa mboga, sukari wala mafuta. Halafu mtoto wa kilo 45 usimbebeshe zaidi ya kilo tisa, na humo maji lita mbili ni kilo mbili tayari, bado blanketi. Haibebeki hiyo. Fanyeni mzigo wa siku za mwisho ufike Matema na gari la huyo binti, na Matamba mpate vijana wa kijiji wawili watatu wa kubeba sufuria na hema, muwalipe vizuri.

Maharage yaacheni nyumbani. Kule juu maji yanachemka kabla hayajawa moto kama ya huku chini, kama nyuzi 91 hivi, maharage yatakaa jikoni mpaka usiku na gesi itaisha. Kuni za hifadhini msiguse. Bebeni dagaa waliokaangwa na chumvi, karanga, unga wa ulezi, dengu zilizoparazwa zinaiva haraka. Asubuhi uji wa ulezi na karanga, mchana msipike, chapati za jana na parachichi, jioni ugali. Mgawanye makundi ya watu watano sita kila moja na sufuria yake, wapike wenyewe, wanakula vizuri zaidi kuliko ukiwapangisha foleni. Zoezi mlifanye kwanza, mlale usiku mmoja hapo karibu na begi zikiwa zimejaa kama za safari.

MwlUyole
Ndaga fijo, asanteni sana wazee wangu, nimeyaandika yote kwenye daftari. Hamsini na Saba nimeifuta, tumeongeza siku zimekuwa sita, na barua ya hifadhi naipeleka Jumatatu. Jana jioni nilienda kwa wazazi wa yule binti nikiwa na majibu ya mama nesi kwenye simu. Alisoma mwenyewe, akanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza hilo gari la Matema nani anapanga nini kipakiwe. Nikamwambia ni yeye. Saa hizi ameshanitumia orodha, ya kwanza kabisa ameandika parachichi 44, mbili kila mtu.

Zoezi la kulala tumeweka Ijumaa ya mwisho ya Mei. Mpishi, kwa watu 22 mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita unatosha siku nne au nichukue miwili?