Chakula cha usiku: nyumbani kwenu bado mnakula pamoja?

Mama wa Chanika

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo vipi. Kuna swali mama yangu aliniachia kisha akapanda basi kurudi Muheza, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Mama alikuja kutusalimia na kiroba cha machungwa na unga wa bada, ule ugali wa muhogo. Siku ya kwanza tu akamtoa dada wa kazi jikoni, akapika mwenyewe: bada, dagaa wa nazi na mchicha. Saa moja na nusu usiku akatandika mkeka sebuleni, akaweka chakula katikati, akafunika kawa, akakaa kutusubiri.

Mimi saa hiyo nilikuwa Banana kwenye foleni, nimesimama ndani ya daladala, kwapa la mtu usoni. Ni keshia wa duka la jumla Kariakoo. Tunafunga saa kumi na mbili, lakini mpaka hesabu zikubaliane ni saa moja kasoro, halafu ni gari mbili mpaka Chanika. Daraja la Mfugale lilipofunguliwa pale TAZARA mwaka 2018 nilishangilia kweli, nikasema sasa nitakuwa nawakuta watoto macho. Wapi. Foleni niliyoizoea TAZARA nikaikuta inanisubiri mbele.

Nikaingia nyumbani saa tatu na dakika ishirini. Mama bado yupo mkekani, bada limeshakuwa jiwe. Watoto walikula saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida yao, wamelala. Mume wangu akaingia saa nne, keshashiba chipsi mayai na mishikaki ya kijiweni. Akaomba radhi, "Mama, nisamehe, sikujua kama kuna chakula." Hapo ndipo mama akauliza, kwa ile sauti yake ya upole inayouma kuliko kofi: "Mwanangu, hapa ni kwako au ni gesti?"

Sikuwa na jibu. Nikapasha dagaa, nikala nimesimama jikoni, kama ninavyokula kila siku.

Kesho yake ikawa kubwa zaidi. Mwanangu wa darasa la pili akaambiwa amnawishe bibi yake. Akamtazama tu. "Bibi, bomba lile pale." Wala hakukosa adabu, masikini. Hajawahi kumwona mtu akinawishwa.

Sisi Muheza tulizaliwa saba. Kitinda mimba ndiye aliyeshika birika na beseni, anaanza kwa baba, anamaliza kwa anayemfuata yeye. Nyama hazikuguswa mpaka mama agawe mwishoni. Ukimega tonge kubwa hakuna anayekugombeza. Unatazamwa tu mpaka tonge lenyewe linakuwa zito mkononi. Redio ya baba iliwashwa saa mbili kasoro dakika mbili ili betri zisiliwe bure, tukinawa ndiyo taarifa ya habari inaanza. Kwenye mkeka ule ndipo nilipojua baba anadaiwa, dada yangu kaposwa, na mahindi ya mwaka ule hayatatufikisha mavuno. Hakuna aliyeniita akaniambia. Nilikuwa nakula.

Sasa naomba mniambie. Ni nyumba yangu tu, au chakula cha usiku cha kupikwa na kuliwa pamoja ndiyo kinaisha hivyo? Na kama kwenu bado kipo, mnakipataje? Ushauri wa kuacha kazi msinipe, nimeshapewa na shemeji.

Bachela wa Mabibo

Mimi niko upande wa waliokiacha, tena kwa hesabu. Chumba kimoja, mtungi wa gesi wa kilo sita, mtu mmoja. Maharage tu yanataka saa mbili jikoni. Weka nyanya, kitunguu, mafuta ya kupima, na mchicha ambao fungu lake ni la watu wanne, nusu unaoza. Mama ntilie wa hapa nje ananipa wali, maharage, mchicha na kipande cha tikiti kwa elfu mbili, na vyombo anaosha yeye.

Na mnakosea mkidhani tunaokula nje tunakula peke yetu. Benchi lake lina watu wale wale: fundi pikipiki, wanafunzi wawili wa chuo, na mzee mlinzi anayeingia zamu saa mbili. Nikipotea siku mbili mama ananitafuta. Juzi alininyima pilipili kwa sababu wiki iliyopita nililalamika tumbo. Mama yangu mzazi yuko Kahama, hajui kama nilikuwa naumwa.

Ila hilo la mtoto na bomba limenichekesha halafu likaniuma.

Bibi wa Ng'ambo

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mtu mzima, nipo Unguja, na huyu mjukuu wangu ndiye anayeniandikia.

Mama yako ana haki ya kuudhika, kukaa na chakula kinapoa ni jambo zito. Lakini nyinyi mnazungumza kama kwamba dunia nzima ilikuwa mkeka mmoja wa Muheza. Sie hapa chakula kikubwa ni cha mchana. Wali na mchuzi wa samaki ni mchana. Usiku ni chai, boflo au mkate wa kumimina, mihogo, pengine kipande cha samaki. Na vingi katika hivyo tukinunua! Magharibi ikishasaliwa, mwanamke ana karai lake mlangoni, mwenzake ana urojo, mwengine anachoma mishikaki. Watoto wanatumwa na bakuli. Hakuna aliyesema nyumba yake imekuwa gesti.

Halafu hilo la kula pamoja. Marehemu mume wangu akila barazani na wanaume wenzake, sinia moja, na mpita njia akikaribishwa. Mie na watoto tukila uani. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sikumbuki kukaa naye sinia moja isipokuwa Ramadhani, na hiyo pia ni akishatoka msikitini. Nikimpenda na akinipenda. Kwa hivyo hicho unachokililia, mwanangu, kitazame vizuri kwanza. Unalilia chakula, au unalilia kuwa mwanao hakujui?

Samahani kama nimekuchoma.

Mmatengo

Bibi, shikamoo. Hilo la baraza limenikumbusha kwetu Mbinga. Wamatengo tulikuwa na kitu kinaitwa sengu. Nyumba zote za babu mmoja, kila mke anapika kwake, halafu vyakula vinakutanishwa mahali pamoja. Aliyepika ugali na mboga ya kunde, aliyepika viazi, aliyebahatika nyama, vyote vinaliwa na wote. Uzuri wake ni kwamba nyumba iliyokosa unga siku hiyo haikuonekana. Mkishakula, wazee wanakaa na kesi: mbuzi wa nani kala mahindi ya nani, kijana gani hajachimba ngolo zake, yale mashimo ya kulimia mlimani. Watoto wanasikiliza.

Babu ndiye aliyenisimulia yote haya, mimi niliyakuta mabaki. Nikamuuliza kwa nini yaliisha. Nilitegemea aseme wazungu, au shule, au televisheni. Akasema watu walianza kujenga kando ya barabara, na mwenye kahawa nyingi akachoka kula na asiye nayo. Basi. Kwa hiyo Mama wa Chanika, hata huo mkeka wenu wa watu tisa, kwa babu yangu ungeonekana ni watu waliojitenga.

Wa Tegeta

Naona mnaenda mbali, mimi nijibu "mnakipataje".

Nunua jiko la presha la umeme, lile la kubonyeza. Maharage yasiyolowekwa yanaiva chini ya saa moja na hayali hata yuniti moja ya umeme. Mimi Jumapili napika maharage kilo mbili na nyama, nagawa kwenye makopo, naweka friza. Jioni nikifika naunga tu, wali dakika ishirini. Hata serikali ilizindua mkakati mwaka 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Anza wewe, acha mkaa.

Mama wa Chanika

Wa Tegeta, asante, jiko nitalitafuta. Ila hebu soma tena nilichoandika. Kwangu chakula huwa kimeiva tangu saa kumi na mbili na nusu. Mimi ndiye ninayeiva saa tatu na nusu. Huo mkakati wa 2034 uniwekee na daladala.

Bibi wa Ng'ambo, shikamoo. Umenichoma kweli. Naendelea kufikiria.

Dada wa Kimara

Shikamooni wote. Mimi ni dada wa kazi, huu mwaka wa nne nipo kwa watu, nyumba ya pili. Nimesoma mpaka hapa nikaona watu wote wameongea isipokuwa anayepika.

Chakula cha nyumbani hakijaisha. Mimi nakipika kila siku. Saa kumi jioni nachagua mchele, saa kumi na moja nabandika, saa kumi na mbili na nusu watoto wanakula. Tunakaa chini watatu, mimi na wale wawili. Mkubwa hapendi bamia, nikimwekea anazificha chini ya wali, halafu anasema "nimemaliza anti". Mdogo halili bila kusimuliwa sungura na fisi. Wiki iliyopita alinieleza kuna mtoto shuleni anamnyang'anya hela ya maandazi. Nilimwambia baba yake kesho yake asubuhi, akasema "ahaa", akawasha gari.

Kwa hiyo kama swali ni watu wanakula pamoja au hawali, kwetu wanakula. Ni kwamba wenye nyumba hawapo. Wakija, naambiwa nipashe, wanakula wakiangalia simu, na mimi nasubiri jikoni vyombo. Siku wakiwepo wote, Jumapili, wanakaa mezani wanne na mimi nakula jikoni. Sijasema wananitesa. Mshahara unalipwa, nikiumwa napelekwa. Nasema tu kwamba siku familia inapokula pamoja ndiyo siku mimi nakula peke yangu.

Nyumbani kwetu Iramba bibi yangu alikuwa anasema mpishi ndiye anaonja wa kwanza. Kuonja naonja kweli.

Mama wa Chanika, huyo dada wa kwako umemuuliza mtoto wako anapenda nini?

Bachela wa Mabibo

Dah.

Mama wa Chanika

Nimekaa siku tisa sijaandika kwa sababu ya huyu wa Kimara.

Siku ileile nilifika saa tatu na robo, nikamkuta dada wangu anakunja nguo. Nikamwambia akae. Akaogopa, alidhani namfukuza. Nikamuuliza watoto wanakulaje. Akanieleza kwa nusu saa. Nimegundua mwanangu mdogo anajua kumega tonge na kulibonyeza shimo la kuchotea mchuzi, kafundishwa na dada. Nimegundua mkubwa anaomba dua kabla ya kula, na kila siku anamwombea mama "asipate foleni". Hapo nikashindwa kuendelea kuuliza.

Bibi wa Ng'ambo, jibu lako ni hilo la pili. Nililia chakula kwa sababu chakula ndicho kilichokuwa mkekani.

Nikaenda kwa bosi. Tumekubaliana Jumatano nitoke saa tisa, na badala yake Jumamosi nifungue duka mimi, saa moja asubuhi. Mume wangu nilimwambia kijiweni kuna siku sita, hii moja ni yangu. Akanung'unika kwamba Jumatano kuna mpira. Nikamwambia mpira unaanza saa nne, ugali saa moja.

Jumatano iliyopita ndiyo ilikuwa ya kwanza. Saa kumi na mbili kasoro nikawa Chanika, jua bado lipo, nikajiona kama mtu mgeni mtaani; yule muuza genge akaniuliza kama naumwa. Dada kapika maharage ya nazi na tembele. Ugali nilisonga mimi, mabuja matupu, mume akawa anayachambua kimyakimya kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Tulikaa watano mkekani, na wa tano ni dada, ambaye alikataa mara mbili kukaa, ya tatu nikamvuta mkono.

Darasa la pili alipewa birika. Nilimwelekeza aanze kwa baba. Akampita baba yake, akampita na mama yake, akaenda kumnawisha dada kwanza. Maji nusu yakaenda kwenye mkeka. Hakuna aliyemrekebisha.

Ugali ule haukututosha, ilibidi mdogo atumwe chapati pale kwenye kona.

Usiku nikampigia mama Muheza, nikamwambia leo tumekula wote saa moja. Akafurahi, akauliza tulikula nini. Nikamtajia maharage, tembele, ugali, na chapati za kununua.

Kimya kidogo. "Za kununua kwa nani?"

"Kwa mama mmoja hapa kwenye kona."

"Laini?"

"Laini, mama."

"Haya."