Mnaouza nozeli za kuoshwa mkiziita mpya, mnatuulia injini

Wakuu, habari za humu. Uzi huu nauandika kwa hasira na sitazunguka. Kuna mchezo wa kuchukua nozeli (vifaa vinavyonyunyizia petroli kwenye injini) zilizotolewa kwenye injini chakavu, kuziosha, kuzivisha oringi (pete za mpira) mpya, kuzitumbukiza kwenye kiboksi chenye nembo ya kiwanda na kuziuza kwa bei ya mpya. Mtu anafungua boneti nyumbani kwake, anafuata hatua zote kwa adabu, anawasha gari, gari inamisi vilevile, yaani silinda moja inaruka bila kuchoma mafuta. Anaamini kakosea yeye, anafungua tena. Hajakosea popote. Kauziwa chakavu.

Nachukua mfano wa 1NZ-FE, injini ya Toyota ya cc 1496, kwa sababu imejaa barabarani kwetu: IST, Probox, Fielder, Raum. Nozeli zake zinamwaga mafuta kwenye njia ya hewa inayoingia silinda, nje ya silinda yenyewe, na presha ya reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli) ni kPa 304 hadi 343, yaani bar tatu na ushee. Hii ni kazi ambayo mtu makini anaimaliza nyumbani. Ndiyo maana inauma anapoharibiwa na spea.

Kabla hujatoa hela, washa tochi ya simu uiangalie nozeli. Anza na pini mbili za umeme ndani ya soketi. Pini ambayo haijawahi kuchomekwa ni laini, haina mkwaruzo. Iliyofanya kazi ina mistari miwili mitatu myembamba ya kung'aa pale chuma cha soketi kilipokuwa kinasugua, na mistari hiyo haiondoki kwa sabuni wala kwa mashine. Kisha geuza uchungulie tundu la juu yanakoingilia mafuta. Mle ndani kuna kichujio kidogo kama kikapu. Kikiwa na rangi ya chai, hiyo imeshakunywa petroli miaka. Malizia kwenye sahani ya mbele yenye vitundu: duara la kahawia kuzunguka vitundu ni masizi yaliyopikwa na joto la injini. Namba zilizoandikwa kwenye nozeli zote nne nazo zilinganishe. 23250-21020 ni ya 1NZ ya awali, 23250-21040 ni ya matoleo ya baadaye. Kwa macho zinafanana, lakini usinunue kwa macho. Nunua kwa namba ya injini na chesisi. Namba ikiwa imepigwa msasa, ondoka dukani.

Muuzaji atajitetea kwamba ameziosha kwa mashine na zinamwaga vizuri. Sawa, kuosha kunafungua vitundu na kurudisha umbo la mnyunyizo. Kuosha hakurudishi chuma kilicholika. Sindano ya ndani na kikalio chake vikishachakaa, nozeli haifungi sawasawa, inadondosha petroli hata injini ikiwa imezimwa. Kipimo cha Toyota ni kwamba isizidi tone moja ndani ya dakika 12. Inayovuja zaidi ya hapo inalowesha silinda, inaosha oili kwenye kuta zake, na petroli inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Vuta kijiti cha oili unuse. Kikinukia petroli na kiwango kimepanda, usiendelee kuendesha gari hiyo, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi.

Na hapa ndipo watu wengi hawaelewi kwa nini nozeli moja mbovu inaharibu zote. Sensa ya oksijeni ya mbele ni moja, inasoma moshi wa silinda nne kwa pamoja. Nozeli ya silinda ya 3 ikivuja, sensa inaona mafuta mengi, kompyuta inapunguza kwa zote nne. Ya 3 inabaki imezidi, zile nyingine tatu zinakosa. Kompyuta inarekebisha wastani tu. Kwa hiyo "mpya" nne zilizokusanywa kutoka injini nne tofauti haziwezi kukupa sailensa tulivu (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) hata ufunge kwa ustadi gani. Dai karatasi ya kipimo inayoonyesha ujazo wa kila nozeli kwenye chupa yake. Hana? Basi hajapima.

Umeme pima mwenyewe kwa multimita. Nozeli hizi ni za ohm nyingi, 12 hadi 16, na nyingi husoma 13 au 14 zikiwa baridi. Ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele upime tena. Itapanda kidogo, hiyo ni kawaida. Ikikatika kabisa, koili ya ndani ya nozeli imekufa na itakuzimia kwenye foleni mchana. Pima ikiwa kavu, mbali na petroli.

Mafundi nao wana fungu lao katika malalamiko haya. Gari inamisi, fundi anasikiliza sekunde kumi na kutangaza "nozeli zote nne". Ametoa wapi? Mashine ya kusoma makosa ya gari ikionyesha P0303, yaani silinda ya 3 inamisi, hamisha nozeli ya 3 iende 1 na ya 1 ije 3. Kosa likihamia P0301, ni nozeli. Likibaki pale pale, tafuta plagi, koili ya cheche, waya au kompresheni (mgandamizo wa silinda). Koili na plagi zihamishe kwanza, maana ni kazi ya dakika chache tu na hazigusi mafuta.

Sasa kufunga, maana hata nozeli halali inauawa hapa. Fanyia kazi nje, mbali na jiko, kizimamoto cha unga kiwe mkono wako unakofika. Punguza presha: chomoa relei au soketi ya pampu ya mafuta, washa injini mpaka ijizimie, piga stata mara moja zaidi, kisha toa terminali hasi ya betri. Hata hivyo petroli kidogo itatoka, weka kitambaa. Puliza mchanga kwa upepo kuzunguka nozeli KABLA ya kuzing'oa. Vumbi letu likidondokea kwenye matundu yale linakwenda moja kwa moja kwenye vali na silinda. Ukishang'oa, ziba matundu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Soketi za plastiki zimekaukia jotoni miaka kumi na tano. Bonyeza kilimi mpaka mwisho ndipo uvute, na usivute waya. Kiungio cha bomba la mafuta kinatoka kwa kubana masikio yake kwa vidole. Ukikitia koleo kinapasuka, na hapo mtu anafunga bomba la mpira na klipu, jambo la hatari kubwa.

Oringi! Hapa nasema kwa sauti. Oringi ya bomba la maji au ya breki mara nyingi ni mpira wa EPDM. Ikikutana na petroli inavimba, inalainika, inapasuka. Tafuta za vitoni, mpira unaovumilia petroli, zenye vipimo vya nozeli yako, pamoja na raba mpya ya chini inayokaa kwenye kichwa cha injini. Ipake oringi petroli safi au oili nyepesi kidogo, isukume nozeli kwenye reli huku unaizungusha kushoto na kulia. USIPAKE SILIKONI. Silikoni haivumilii petroli, inameguka, na kipande kikiziba kikapu cha juu umerudi ulikotoka. Reli ikishakaa, kabla ya kukaza boliti, shika kila nozeli uizungushe kwa vidole. Inatakiwa izunguke bila kukwama. Inayokwama, oringi yake imejikunja. Itoe, weka nyingine. Boliti mbili za reli ni Nm 19, si nguvu zako zote.

Halafu acha soketi za nozeli na za koili zikiwa zimechomolewa, rudisha pampu na betri, piga stata sekunde tano mara mbili. Pampu inafanya kazi injini ikizunguka, presha inapanda, hakuna cheche. Mulika kila kiungo. Unyevu wowote, hata wa kuloana tu, ni kufungua upya. Kukavu? Chomeka vyote uwashe.

Wanaolowesha nozeli kwenye thina usiku kucha, au kuchokonoa vitundu kwa pini, wanaharibu. Thina inakula plastiki na raba, pini inapanua tundu. Na kama tenki lina matope au mafuta ya kuchakachuliwa, safisha tenki na ubadilishe kichujio kilicho pamoja na pampu mle ndani, la sivyo hata nozeli halisi zitaziba.

Wenye injini za Toyota za D-4, kama 1AZ-FSE na 3S-FSE, msiyachukue maelezo haya. Hizo zinanyunyizia ndani ya silinda kwa presha ya bar 80 na kuendelea, zina sili za tefloni zinazohitaji kifaa chake cha kuzivisha. Petroli ya presha hiyo inapenya ngozi ya mkono. Pelekeni kwa mwenye vifaa.

Wauzaji, hakuna aliyewakataza kuuza nozeli zilizotumika. Andikeni kwenye kiboksi "imetumika, imeoshwa", ambatanisheni vipimo vya ujazo na uvujaji, shusheni bei. Wenye picha za pini zilizokwaruzwa na viboksi vyake, ziwekeni hapa chini, namba ya nozeli ionekane.